Nyuma ya Kisanduku cha Stima: Ukuta Usiwe wa Kushika Moto

Mwaka wa 2015 mradi wa Last Mile ulipoanza, ada ya kuunganishiwa stima ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na nyumba nyingi za upande wetu wa Nyamarambe zikapata mwangaza ambao wazazi wetu hawakuuota. Tunafurahi pamoja na wenye nyumba. Lakini tukiingia ndani kuna jambo linatutia wasiwasi, nalo ni ukuta ulio nyuma ya kisanduku chenyewe, pale penye swichi kuu na breka.

Mambo huenda hivi. Stima ikikaribia kuja, watu wanaona haya kuiweka kwenye ukuta wa udongo. Basi wanapamba. Wengine wanabandika katoni na magazeti, wengine wanatundika kitambaa cha nailoni toka juu hadi chini, na siku hizi wenye uwezo wananunua mapambo ya plastiki yanayong'aa ama yale ya kubandika yenye sponji ndani. Mama mmoja alituambia waziwazi ya kwamba amengoja stima miaka mingi, hawezi kuipokea kwa ukuta wa matope. Tunamwelewa kabisa. Hata hivyo, ukuta ule alioufunika ndio uliokuwa salama zaidi, maana udongo hauwaki.

Tuelewane kwanza moto wenyewe unatoka wapi. Wengi wanadhani kwamba maadamu kuna breka, hakuna hatari, itakata tu. Breka hukata wakati stima inapozidi kipimo chake, ama nyaya zinapogusana. Lakini skrubu ikilegea ndani ya kisanduku, stima inayopita ni ile ile ya kila siku, kwa hiyo breka haioni kosa lolote. Hapo palipolegea ndipo joto linapojikusanya. Tupige hesabu ndogo. Mama akichemsha maji kwa birika huku televisheni na taa zikiwaka, nyumba inaweza kuvuta karibu ampea 10. Stima hiyo ikipita kwenye kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu moja tu, joto linalotoka hapo ni wati 100, sawa na ile balbu kubwa ya zamani, ila limebanwa mahali padogo kama punje ya mahindi. Karatasi hushika moto ikifika takriban nyuzi 230 za Selsiasi. Sponji na nailoni huyeyuka na kudondoka zikiwaka. Plastiki nyingine haiwaki upesi, lakini moshi wake ni mkali na unachoma mapafu ya waliolala.

Jambo hili si la vijijini kwetu tu. Huko Uingereza wazima moto wa London waliona visanduku vya plastiki vikiungua kwa sababu ya viungo vilivyolegea, na tangu Januari 2016 kanuni za nchi hiyo zinataka kisanduku cha nyumbani kiwe cha chuma ama kitu kingine kisichowaka. Ikiwa chako ni cha plastiki, jua ya kwamba ukuta wa nyuma ndio kinga iliyobaki.

Sasa tutumie nini? Kwa nyumba ya udongo, jibu letu ni plasta ya simiti. Kwangua ukuta mahali pa kisanduku, pigilia waya wa kuku kwenye fito ili plasta ishike, kisha changanya simiti kipimo kimoja kwa mchanga vipimo vinne na upake unene wa nusu inchi hivi. Si lazima ukuta wote. Pakipita ukingo wa kisanduku kwa futi moja kila upande panatosha, na upande wa juu ongeza, kwa kuwa moto hupanda. Sehemu ya mita moja mraba haimalizi hata robo ya mfuko wa kilo 50, kwa hiyo ukimkuta jirani anajenga unaweza kumwomba kidogo. Ukitaka urembo, paka chokaa ama rangi ya maji.

Nyumba ya mbao ni kazi zaidi. Mabanzi ya mkaratusi yana nyufa, na vumbi na utando wa buibui hujaa humo, vitu vinavyoshika moto haraka. Hapo funika kwa jipsamu ama kwa ubao wa simiti. Jipsamu ina maji ndani yake, kama sehemu moja kwa tano ya uzito, na hayo maji huchelewesha moto, lakini haipendi unyevu, na sisi huku mvua inapita milimita 1,500 kwa mwaka. Ubao wa simiti ni bora. Ukikosa vyote, weka ubao mmoja mzito, mkavu, usiopungua inchi moja, usiopakwa vanishi. Plaiwudi nyembamba hapana.

Mabati ni habari nyingine, na wapangaji wa vyumba vya sokoni wasikie. Bati haliwaki, ila linapitisha stima. Waya uliochubuka ukiligusa, ukuta mzima unaweza kuwa na stima, na mtoto akiuegemea ni hatari ya kifo. Kisanduku kisipigiliwe moja kwa moja kwenye bati. Nyaya zipite ndani ya paipu, na fundi aweke waya wa ardhini pamoja na kile kifaa kinachokata stima inapovuja.

Wapo waliotuuliza juu ya mawe ya sabuni ya Tabaka. Swali zuri! Jiwe hilo linastahimili joto na halipitishi stima likiwa kavu. Kabla ya plastiki kuenea, mabao ya swichi huko Ulaya na Marekani yalitengenezwa kwa mawe ya namna hiyo, pamoja na marumaru. Lakini ni zito kwa fito zetu, na likitobolewa vibaya hupasuka. Tunaona liendelee kuchongwa vinyago.

Anayefungua kisanduku awe fundi mwenye leseni ya EPRA, na mita isiguswe na mtu asiye wa kampuni ya stima. Wewe mwenye nyumba kazi yako ni kutoa hiyo kalenda na pazia vilivyofunika kisanduku, na kukiangalia. Ukisikia harufu kama ya samaki mbovu, ama taa zinacheza, ama rangi ya ukuta imegeuka kahawia, zima swichi kuu na umwite fundi siku hiyo hiyo. Plasta mpya nayo iachwe ikauke wiki mbili kabla ya kisanduku kurudishwa, na wakati wa mvua za Aprili iachwe zaidi.