MKIMBIZI ALIYERUDI NA ZAHANATI

Hapa Handeni neno mkimbizi si geni. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, Wazigua wenzetu, ambao mababu zao walichukuliwa huko utumwani katika karne ya 19, walikimbilia Tanzania. Walikaa Mkuyu, kisha wakapewa makazi Chogo. Hata hivyo, siku moja kwenye foleni ya zahanati nilimsikia mzee mmoja wa hapa Kwedizinga akisema, "Mkimbizi ni mdomo tu, hana mkono."

Nilimwambia, "Shikamoo babu. Ukishapata dawa, kaa nikusimulie habari za kijana mmoja wa Burundi." Habari hiyo ndiyo ninayowaletea leo.

Kijana huyo ni Deogratias Niyizonkiza, kwa kifupi Deo. Mwaka 1993 alikuwa mwanafunzi wa udaktari, akijifunza kazi katika hospitali ya Mutaho. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na mauaji ya kikabila yakaenea nchini. Wauaji walipoingia hospitalini, Deo alijificha chini ya kitanda. Kwa hofu alisahau kufunga mlango. Wauaji walipoona mlango uko wazi, walidhani mwenye chumba amekwisha kukimbia, wakapita.

Usiku ule akatoka, akaanza safari ya miguu kuelekea Rwanda. Deo ni Mtutsi. Aliyemwokoa mpakani ni mama mmoja Mhutu, aliyesema kwamba huyu ni mwanawe. Mwezi Aprili 1994 mauaji makubwa yalianza Rwanda nako, ikambidi arudi tena Burundi kwa miguu.

Mwaka huo huo rafiki yake alimsaidia kupata safari ya ndege hadi New York, Marekani. Alifika na dola 200 mfukoni, wala Kiingereza hakijui. Alipata kazi ya kupeleka bidhaa za duka majumbani kwa watu, ujira dola 15 kwa siku. Usiku alilala bustanini. Bibi Sharon McKenna, aliyewahi kuwa mtawa, alimhangaikia, na Bwana Charlie Wolf na mkewe Nancy wakamchukua nyumbani kwao kama mtoto wao.

Hapo akaanza tena masomo. Alisoma Chuo Kikuu cha Columbia, kisha afya ya jamii Harvard. Huko alikutana na Daktari Paul Farmer, aliyewatibu maskini wa Haiti, wakafanya kazi pamoja. Baadaye aliingia chuo cha udaktari cha Dartmouth.

JERAHA LISILOONEKANA

Kwa miaka mingi Deo hakulala vizuri. Alipofumba macho, aliyaona tena yale aliyoyapita. Huo ni ugonjwa, si uoga wala si mashetani. Ukimwona jirani aliyepatwa na msiba au vita anakosa usingizi, anashtuka hovyo au anajitenga na watu, usimcheke. Msikilize, kisha mlete zahanati.

BARABARA YA KIGUTU

Deo aliporudi kutembelea Burundi, aliwakuta wagonjwa waliozuiliwa hospitalini kwa sababu hawakuweza kulipa gharama za matibabu. Moyo ulimuuma. Alisimamisha masomo yake, akaamua kushirikiana na wanakijiji wa Kigutu, juu ya Ziwa Tanganyika, kujenga zahanati.

Lakini hapakuwa na barabara ya kufikisha vifaa. Kampuni moja ilitaka dola 50,000 kuitengeneza. Wanakijiji walipopata habari hiyo walishika majembe wenyewe, wanawake kwa wanaume, wakaichimba. Zahanati ilifunguliwa mwishoni mwa mwaka 2007. Watu wa makabila yaliyokuwa yakiuana walikaa benchi moja kungoja dawa.

NASI JE?

Mimi ni tabibu msaidizi tu, mwenye cheti. Masika moja nilipokea mtoto mwenye malaria kali. Alikuwa na homa kwa siku tatu, lakini mvua ilikuwa imekata njia. Alifika akiwa na degedege. Tulimchoma sindano ya kwanza, tukampeleka hospitali, akapona. Angechelewa usiku mmoja zaidi, nisingependa kusema ingekuwaje. Kipande kile cha njia kilihitaji majembe ishirini na siku moja ya kazi.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Yule mzee aliposikia habari hii alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiyo barabara ya Kigutu waliichimba kwa siku ngapi?" Nilifurahi kuona kwamba sasa anauliza habari za barabara.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI
1. Ni nani waliomsaidia Deo, na kila mmoja alifanya nini?
2. Dalili za mtu aliyeumia moyoni ni zipi?
3. Mvua ikinyesha, mgonjwa wa kitongoji chenu atafikaje zahanati? Nani ataanza kazi, na lini?