Sotoka ya Mbuzi na Kondoo

Katika kurasa hizi tumefundisha mara nyingi juu ya magonjwa ya watu. Pengine utauliza: kwa nini leo hospitali inasema juu ya mbuzi? Sababu ni mbili. Ya kwanza unaijua wewe mwenyewe. Mbuzi ndiye sanduku la feza la nyumba nyingi; kwa yeye unalipa masomo ya mtoto, mahari, na siku za kulala hospitalini. Ya pili ni hii: virusi vya ugonjwa huu ni ndugu ya virusi vya surua. Mama aliyeuguza mtoto mwenye surua ataelewa upesi habari zinazofuata.

Ugonjwa unaitwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Wafaransa waliandika habari zake mara ya kwanza mwaka 1942, katika Côte d'Ivoire. Watu walidhani ni sotoka ile ile ya ng'ombe, lakini sivyo. Baadaye ilionekana kwamba virusi vyake ni vingine. Mwaka 2007 ulikuwa umekwisha kufika Kenya na Uganda, mwaka 2008 ukajulikana Tanzania, na mwaka 2012 uliua mbuzi wengi sana katika Kongo yetu.

Sasa tufuate virusi njiani. Mbuzi mgonjwa anakohoa na kupiga chafya, na mwenzake aliye karibu anavuta pumzi ile. Virusi vinaingia puani na kinywani, vinakwenda kwenye tezi za koo. Katika tezi hizo zinakaa chembe nyeupe za damu, yaani askari wa mwili. Virusi havikimbii askari hawa. Vinaingia ndani yao, vinazaana, na kuwaua. Kisha damu inavichukua mpaka kila mahali. Siku hizo za kwanza, nne mpaka sita, mbuzi anakula vizuri, nawe hujui neno.

Halafu homa inapanda mpaka digri 40 au 41. Mbuzi anasimama peke yake, manyoya yamesimama. Maji yanatoka puani na machoni. Baada ya siku chache yanakuwa mazito kama usaha, yanakauka na kuziba pua na kugandisha kope. Virusi vimefika sasa kwenye ngozi nyororo inayofunika kinywa, pua na matumbo. Ngozi hiyo inakufa vipande vipande. Fungua kinywa uone: ufizi, ulimi na ndani ya mashavu vina vidonda, na juu yake kitu cheupe kama pumba za unga wa mahindi. Harufu ni mbaya sana. Mnyama ana njaa, lakini kutafuna kunamwumiza.

Ndani ya matumbo ni vivyo hivyo, ndiyo sababu anahara maji, pengine yenye damu. Maji ya mwili yanaisha, macho yanazama. Majike wenye mimba wanaitoa. Na kwa kuwa askari wa mwili wamekufa, vijidudu vingine vilivyokuwa vikikaa puani bila kuleta shida vinashuka mapafuni. Hapo mbuzi anapumua kwa taabu. Wengi wanakufa kati ya siku ya tano na ya kumi tangu homa ilipoanza. Kondoo mara nyingi wanaugua kidogo kuliko mbuzi, lakini si kila mara. Je, si ndivyo surua inavyofanya? Mtoto haangushwi na vipele, bali na mapafu na kuhara vinavyofuata.

Mganga wa wanyama akimpasua mbuzi aliyekufa, anaona mapafu, hasa sehemu ya mbele na ya chini, yamekuwa mekundu meusi na magumu kama ini. Tumbo la nne lina vidonda vinavyotoka damu. Tezi za matumbo zimevimba na kulowa. Katika utumbo mpana, karibu na mwisho, kuna mistari myekundu kama ya punda milia. Lakini wewe usipasue. Mnyama aliyekufa ghafula, na damu nyeusi ikitoka puani au nyuma, anaweza kuwa na kimeta, nacho kinaua watu. Sotoka haishiki mtu kamwe, kimeta kinashika.

Wanyama wakifa wengi katika juma moja, kuna watu wanaoanza kumtazama jirani, hasa yule ambaye mbuzi wake hawakufa. Tuseme wazi: mbuzi aliyepona sotoka zamani, au aliyechanjwa, haugui tena. Jirani hana kosa.

Dawa ya kuua virusi hivi haipo. Sindano za kuua vijidudu zinaweza kusaidia mapafu tu. Kosa kubwa ni kupeleka mgonjwa sokoni ili upate feza kabla hajafa. Tunajua kwamba ni vigumu kuacha, maana hasara ni yako. Lakini kwa njia hiyo ugonjwa unaingia vijiji vyote vilivyouza na kununua siku ile. Mtenge mgonjwa, mpe mwita mganga wa wanyama habari, zika waliokufa shimo refu.

Chanjo iko, nayo ni nzuri. Ilitengenezwa kwa virusi vilivyotoka Nigeria mwaka 1975, vikadhoofishwa. Sindano moja inalinda miaka mitatu au zaidi. Haimponyi aliyekwisha kushikwa. Wana wa mbuzi aliyechanjwa wanalindwa na maziwa ya kwanza ya mama. Wachanjwe wakifikia miezi minne. Chanjo inaharibika kwa joto, kwa hiyo mchanjaji akiwaita asubuhi mapema, leteni wanyama saa ile ile. Barafu yake haimngojei mtu. Na mbuzi uliyemnunua sokoni, hata akionekana mzima kabisa, umfunge mbali na wengine siku 21.