"Sistimu Imegoma": Seva Moja Kubwa au Klasta?

Kila mwanachuo anaijua sentensi hii: "Sistimu imegoma." Inasikika siku ya mwisho ya kusajili masomo, siku ya kusaini bumu, siku matokeo yanapotoka. Wengi wetu tunadhani dawa ni kununua seva kubwa zaidi. Mara nyingi dawa ni seva kadhaa zinazofanya kazi kama timu, yaani klasta, na kazi ipo kwenye kuipanga timu hiyo. Nasoma ualimu, na mojawapo ya masomo yangu ya kufundishia ni kompyuta. Basi nitalieleza kama ningelieleza darasani kwetu Ijumbi, Muleba.

Chukua chama cha msingi msimu wa kahawa. Foleni ni ndefu, mizani ni moja. Hapo kuna matatizo mawili na watu huyachanganya. La kwanza, mizani ni nzima ila imezidiwa. La pili, mizani imeharibika: hata mkiwa watatu tu, hampimiwi. La kwanza linataka kugawa mzigo. La pili linataka mbadala wa kushika zamu.

Mpango wa kwanza ni seva moja kazini, nyingine akiba. Ya akiba inasikiliza "mapigo ya moyo" ya mwenzake, yaani ujumbe mfupi unaotumwa kila baada ya muda mfupi. Yakikatika, inachukua anwani ya mwenzake na kuendelea na kazi. Kusimamia ni rahisi, lakini foleni haipungui hata kidogo.

Mpango wa pili ni zote kazini. Mbele yao kunawekwa mgawa mzigo, programu kama HAProxy au Nginx, inayopeleka maombi kwa zamu au kwa seva yenye kazi chache, na kuiruka iliyozima. Hapa kuna mtego wa hesabu. Seva mbili zikiwa zinatumia asilimia 70 ya nguvu kila moja, moja ikifa, iliyobaki inatakiwa kubeba asilimia 140. Haiwezi bana, nayo inaanguka. Kwa seva mbili, kila moja isizidi 50. Kwa tatu, isizidi 66 hivi. Na mgawa mzigo naye awe na akiba yake, la sivyo tatizo limehama tu.

Panapouma zaidi ni kwenye daftari. Mizani unaongeza, lakini makarani wawili wakiandika kwenye madaftari mawili tofauti, kuna mkulima atalipwa mara mbili na mwingine atakosa. Kanzidata ni hivyo hivyo: mawasiliano kati ya seva mbili yakikatika, kila moja inadhani mwenzake amekufa, na zote zinaanza kuandika. Kinga yake ni akidi, kama kwenye vikao vyetu: bila zaidi ya nusu, hakuna uamuzi. Ndiyo maana huwekwa tatu au tano. Tatu zinavumilia kupoteza moja, tano zinavumilia mbili. Nne je? Bado moja tu.

Hata hivyo, seva tatu kwenye chumba kimoja, umeme mmoja, waya mmoja, zinaweza kuzimika pamoja. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora Tanzania na kwa majirani. Seva za ng'ambo zilikuwa nzima; njia ya kuzifikia ndiyo iliharibika. Na klasta si hifadhi ya nakala: ukifuta matokeo kimakosa, yanafutika kwenye seva zote.

Kwa mfumo wa usajili wa chuo, mimi ningechagua hivi: kurasa ziwe kwenye seva tatu zote kazini, kanzidata iwe na mwandishi mmoja, nakala moja inayomfuata, na shahidi wa tatu wa kupiga kura, nakala za kila usiku zikae jengo lingine. Siyo anasa. Aliyekosa kusajiliwa anaweza kukosa chumba cha mtihani, na kule sentensi ya "sistimu ilikuwa chini" haimsaidii.

Viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, mkikaa na uongozi wa chuo msiulize kama seva zipo mbili. Ulizeni: ni lini mara ya mwisho mliizima moja makusudi, mkaona nini kinatokea?