Seruji Mbili: Mwanagenzi Aanzie Wapi?

Farasi ni mnyama asiyezoeleka sana kwetu. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati mbung'o alimzuia asienee, na hata pasipo na mbung'o kuna maradhi yake mengine, yaletwayo na usubi, yawezayo kumwua kwa siku chache. Kwa hiyo mzazi wa huku akiulizwa na mwanawe habari za kupanda farasi, hana babu wa kumwendea kwa shauri. Lakini jamaa zetu wengi sasa wanaishi ng'ambo, na swali lenyewe hutufikia nyumbani.

Shemeji yangu mmoja akaaye Calgary, nchini Kanada, aliniarifu kwamba binti yake wa miaka kumi anataka kujifunza, na karibu na kwao wako walimu wawili. Wa kwanza hufundisha mtindo wa Kiingereza; wa pili mtindo wa Magharibi, ndio ule wa wachunga ng'ombe wa Marekani. Mama mtu anapendelea wa kwanza kwa kuwa una heshima. Mtoto anataka wa pili kwa ajili ya kofia. Naona wote wawili wanazungumzia mavazi.

Mji wenyewe wa Calgary ni mahali pazuri pa kuitazamia mitindo hii, maana yote miwili ina makao hapo. Tangu mwaka 1912 mji huo umejulikana kwa maonyesho yake makubwa ya wachunga ng'ombe, yaitwayo Calgary Stampede. Na mwaka 1975 kilifunguliwa hapo kiwanja cha Spruce Meadows, ambapo farasi hurushwa viunzi kwa mtindo wa Kiingereza.

Yafaa ieleweke kwamba tofauti ya mitindo hii ilitokana na kazi. Wahispania walifika Mexico na farasi wao mwaka 1519, na kwa vizazi vilivyofuata wachungaji wa huko wakatengeneza seruji, yaani tandiko la kukalia, iliyowafaa watu washindao juu ya farasi kutwa nzima nyuma ya makundi ya ng'ombe. Seruji hiyo ina kiti chenye kina, mgongo ulioinuka, na pembe mbele. Pembe hiyo ni ya kufungia kamba wakati fahali amekwisha kunaswa kwa kitanzi. Kwa kuwa mkono mmoja una kamba, hatamu hushikwa kwa mkono uliobaki, na farasi hufundishwa kugeuka anapoguswa shingoni tu. Wamarekani wa Texas na California waliurithi ufundi huo.

Seruji ya Kiingereza ilitokana na uwindaji wa mashambani, ambako mpandaji hana budi kuruka nyua na mitaro, na pia na mafunzo ya majeshi ya Ulaya. Ni ndogo na karibu tambarare, uzito wake hauzidi sana nusu ya ile nyingine, na haina cha kushikilia. Mpandaji hushika hatamu kwa mikono miwili na kuongea na mdomo wa farasi kwa vidole vyake. Farasi aendapo matiti, mwanafunzi hufundishwa kuinuka na kukaa kwa kufuata mapigo ya kwato, jambo ambalo katika wiki za mwanzo humwacha na maumivu ya mapaja yasiyosahaulika.

Wasomaji wetu walio askari watapenda kujua kwamba polisi nao walikabiliwa na uchaguzi huu. Kikosi cha polisi wapanda farasi wa Kanada, kilichoundwa mwaka 1873 na kujenga ngome yake Calgary mwaka 1875, kilianza kwa seruji za Kiingereza. Katika miaka ya 1880, baada ya kuijua nyika na safari zake ndefu, kilichukua seruji ya California yenye pembe. Leo kikosi hicho hakipigi tena doria juu ya farasi kila siku. Lakini katika gwaride lake mashuhuri la wapandaji 32 kimerudia mtindo wa Kiingereza. Hata hivyo mkono wa kulia wa kila askari hubeba mkuki, na hatamu zote hubaki katika mkono wa kushoto, kama za mchunga ng'ombe!

Mtoto mwenye ndoto za Olimpiki ajue kwamba michezo ya farasi ya huko yote ni ya Kiingereza. Ule wa Magharibi haujaingia kamwe. Zamani hata cheo kilihesabiwa. Mwaka 1948 huko London, Sweden ilishinda medali ya dhahabu ya timu katika mchezo wa kuonyesha utii wa farasi, lakini mwaka uliofuata ikanyang'anywa, kwa kuwa mpandaji wake Gehnäll Persson alikuwa sajini aliyepewa uluteni kwa muda tu. Sheria ilibadilishwa, na mwaka 1952 sajini huyo aliisaidia nchi yake kuipata dhahabu tena, bila ya mtu kumwuliza cheo.

Sasa tuje kwenye usalama, ambao kwangu una uzito kupita yote. Kiti chenye kina humpa mwoga moyo, na hilo si jambo dogo. Lakini ile pembe si mpini: atakayezoea kuing'ang'ania hatajifunza kukaa kwa mizani, na farasi akijikwaa yaweza kumchoma tumboni. Jambo la kuogofya zaidi ni mguu kunasa katika kikuku, yaani pale pa kutilia mguu, na mtu aliyeanguka akaburutwa. Katika seruji ya Kiingereza ukanda wa kikuku huangikwa kwenye chuma chenye ncha iwezayo kuachwa wazi, ili uchomoke wenyewe. Katika ile ya Magharibi ukanda umefungwa moja kwa moja, kwa hiyo kikuku chapasa kuwa kipana kuliko buti. Mitindo yote yataka buti lenye kisigino. Na kofia pana ya mchunga ng'ombe, ijapokuwa yapendeza, haikingi fuvu. Mtoto avae kofia ngumu hata kama mwalimu havai.

Nilimshauri shemeji amchague mwalimu kabla ya mtindo. Aende siku ya kazi bila ya kutoa taarifa, atazame kama farasi wa wanagenzi ni wazee na watulivu, na kama mwalimu humtazama mwanafunzi au hupiga soga ukingoni. Walimu wakilingana, mimi ningeanzia kwa Kiingereza, kwani aliyejifunza kukaa pasipo na egemeo hatatatizwa na kiti chenye egemeo. Lakini anayetaka kufanya kazi na ng'ombe, asipoteze muda wake kwenye viunzi.

Jambo moja watoto wafundishwe tangu siku ya kwanza. Farasi wengi huvimbisha tumbo wakati mshipi wa seruji unapokazwa, kisha hupumua, na mshipi ukalegea. Mtembeze farasi hatua chache, ingiza vidole chini ya mshipi, kaza tena, ndipo upande.