Haba na Haba, Lakini Kibaba Kiko Wapi?

Wahenga walinena kwamba haba na haba hujaza kibaba. Aghalabu sisi walimu tunapoifafanua methali hii darasani, huitilia mkazo haba na kukisahau kibaba. Twamhimiza mwanafunzi avumilie na ajikaze kidogo kidogo, bila kumwonyesha chombo anachokijaza. Nimelazimika kuitafakari methali hii upya kwa sababu ya jambo ambalo wengi wetu huliona kuwa upuuzi mtupu, yaani michezo ya kompyuta.

Katika mabweni ya wanafunzi mjini Nyeri na Karatina, wapo vijana wanaocheza kwenye simu zao michezo ya mtindo uliobuniwa kabla wao hawajazaliwa. Mmoja wa wazazi wa mtindo huo ni Wizardry, mchezo uliotungwa na Wamarekani Andrew Greenberg na Robert Woodhead na kutolewa mwaka 1981. Mchezaji huongoza kikosi cha mashujaa sita kushuka katika handaki lenye ngazi 10, kila ngazi ikiwa na miraba 20 kwa 20. Shujaa mpya ni dhaifu mno, na akiharakisha kwenda chini hufa mara moja. Hana budi kubaki karibu na lango akipigana na viumbe wale wale mara mia, arejee mjini kujiuguza na kulala, kisha ashuke tena. Kila ushindi humwongezea pointi za tajriba, na pointi zikitimia hupanda daraja.

Wachezaji huiita kazi hiyo kusaga. Neno hilo halikuteuliwa ovyo. Katika kusaga, jiwe hupita pale pale lilipopita awali, na kila likipita unga huongezeka.

Je, raha ya kazi hiyo ya kuchosha iko wapi? Nimewauliza wanafunzi wangu mara nyingi, na majibu yao hukaribiana: mchezaji huona alichoongeza. Hakuna jasho linalopotea bila kuhesabiwa. Jambo hili si geni kwetu. Mkulima wa majani chai wa Othaya au Mathira huchuma majani mawili na chipukizi siku nenda siku rudi. Hata hivyo, katika kituo cha ununuzi majani hayo hupimwa kwenye mizani na kilo zake kuandikwa. Ndiyo maana mkulima huyo mpole hukasirishwa mno na mizani isiyo ya haki.

Sasa mtazame kijana aliyehitimu chuo. Sisi husema kwamba anasaga lami. Hushinda akitembea kutoka ofisi moja hadi nyingine, na barua yake ya mia ya kuomba kazi haimkaribishi kwenye ajira kuliko ile ya kwanza. Huko ndiko kusaga kusikotoa unga. Si ajabu basi kwamba wengine hukimbilia kamari, ambayo humwahidi mtu kibaba kilichojaa bila haba hata moja.

Walimu wenzangu watanijibu kwamba pointi za mchezo hubaki mchezoni. Kweli, hazinunui unga wala hazilipi karo, na kijana anayekesha akizitafuta hujidhuru mwenyewe. Lakini ushahidi huo huo unaipinga kauli tuipendayo, kwamba vijana wa leo hawana subira. Kijana anayeweza kurudia pigano lile lile mara mia anayo subira tele. Swali ni kwa nini haileti darasani.

Nitatoa mfano wa taaluma yangu. Lugha ya Kikuyu haina sauti /l/. Kwa hiyo, baadhi ya wanafunzi wetu wa Nyeri, Murang'a na Kirinyaga hutatizika kutofautisha kula na kura, au kulala na kurara. Dawa yake ni kusaga: kusikiliza na kutamka tena na tena. Mara nyingi mwanafunzi hufanya hivyo kwa miezi bila kujua kama amesogea, na malipo yake huwa kicheko cha wenzake. Mwalimu aandae maneno 20, amsikilize leo na kuandika kwamba ametamka 11 sawasawa, kisha amsikilize tena baada ya wiki mbili. Akifikisha 14, amwonyeshe daftari. Zoezi ni lile lile, ila sasa lina mizani.

Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, jasho la miaka minne ya sekondari lilipimwa kwa mtihani mmoja mwishoni. Anayewekewa mizani ya namna hiyo hushawishika kutafuta karatasi iliyovuja. Mtaala mpya, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, unaahidi tathmini ya mara kwa mara. Ahadi hiyo haitatimia iwapo tathmini itakuwa fomu za kujazwa na kuhifadhiwa kabatini, mbali na macho ya mwanafunzi.

Nanyi wanafunzi, kabla ya kukesha mkisaga, ulizeni unga huo utaliwa na nani. Shujaa wa kwenye kioo akipanda daraja, ninyi mnabaki pale pale mlipokuwa. Subira mliyo nayo ni mali. Sisi walimu tuna wajibu wa kuiwekea kibaba.