Rangi Iliyo Chini ya Rangi

Miongoni mwa watu wazima wanaotumia saa zao za faragha kuunganisha vigari vya mfano, vile vinavyouzwa vipande vipande ndani ya bweta, aghalabu kwa kipimo cha 1/24, yaani sentimita moja mezani kwa sentimita 24 barabarani, hakuna jambo ambalo mwanafunzi hulidharau na fundi mkongwe hulistahi kuliko rangi ya msingi. Mwanafunzi husema moyoni kwamba kitu kitakachofunikwa hakina haja ya kuchaguliwa. Nami nilikuwa wa madhehebu hayo mpaka siku nilipopuliza njano juu ya kigari cha Fiat 500, kile kitoto cha Kitaliano kilichozinduliwa Turin mwaka 1957, nikitazamia njano ya embe mbivu, nikaambulia rangi mgonjwa iliyoelemea uchanikiwiti, kwa sababu chini yake nilikuwa nimepaka kijivu.

Yampasa msomaji ajue kwanza jinsi rangi inavyofunika. Rangi ya kopo si kitu ila unga laini mno ulioelea ndani ya utomvu, na mwanga ukiangukia juu ya rangi iliyokauka haukomei juu, bali huzama ndani, ukagongana na chembe za unga ule, sehemu yake ikarudi jichoni, na sehemu yake ikapenya hata chini kabisa, ikagusa kilichopo huko, ikarejea na habari zake. Unga mweupe wa titani huutawanya mwanga kwa nguvu hata usipate njia ya kupenya. Masizi meusi huumeza wote. Lakini nyekundu na njano zilizo nyingi huupitisha, mithili ya shela juu ya uso. Njano za zamani zilizotengenezwa kwa madini ya risasi zilifunika vyema kuliko hizi, walakini zilikuwa na sumu, na kwa ajili hiyo zimeachwa katika rangi nyingi.

Mtu atauliza: kwa nini basi usiongeze mkono wa pili, na wa tatu, na wa saba, mpaka kijivu kikome kuonekana? Jibu limo katika hesabu ya udogo. Ufa ulio baina ya mlango na ubavu wa gari la kweli, ukiwa na upana wa milimita nne, juu ya kigari cha 1/24 haufiki hata sehemu mbili za kumi za milimita moja. Na rangi yote ya gari la kweli, pamoja na vanishi yake, ina unene wa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiweka unene huohuo juu ya kigari, ni kana kwamba gari zima limepakwa tope la zaidi ya milimita mbili: milango huzibika, nembo hufutika, na pembe zilizochongwa kwa ustadi zikawa butu kama sabuni iliyokwisha kuogewa. Ndiyo maana rangi ya juu sharti iwe nyembamba, na maadamu ni nyembamba, iliyo chini itasema neno lake.

Rangi hiyo ya msingi mafundi wa gereji zetu huiita praima, na kila aliyepata kuona geti la chuma likipakwa ile nyekundu ya kutu kabla ya rangi yake ya haki anajua kazi yake kubwa huko: kuzuia kutu na kushika. Plastiki haina kutu. Hata hivyo ni laini na telezi, na hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kalibu, hivyo yafaa ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kazi yoyote. Baada ya hapo praima huishika, na rangi ya juu huishika praima.

Kijivu nilichokilaumu kina heshima yake. Kwa kuwa si cheupe wala si cheusi, huonyesha kivuli na mng'ao kwa pamoja, hata kila mkwaruzo wa msasa, kila shimo na kila mshono wa gundi huwa dhahiri, ilhali juu ya weupe macho hughilibika na juu ya weusi hupotea kabisa. Kijivu, basi, ni kadhi wa kazi ya mikono, wala si mwenzi wa rangi. Na kosa langu halikuwa kukipaka, bali kuishia hapo. Siku hizi hukipaka, nikazitazama aibu zangu, nikazisugua kwa msasa laini, kisha nikaweka juu yake msingi wa pili, mwembamba, uliochaguliwa kwa ajili ya rangi itakayofuata.

Njano hutaka nyeupe, na samawati hafifu vilevile. Nyekundu ndiyo yenye mashaka mengi, na ndiyo inayotakiwa mno, kwa kuwa ilikuwa rangi ya Italia katika mashindano ya magari kama kijani ilivyokuwa ya Uingereza. Juu ya kijivu hutoka kama damu iliyokaa. Juu ya nyeupe hung'aa, lakini penye kingo kali, mahali ambapo rangi huteleza ikabaki nyembamba, weupe huchungulia kama goti kwenye suruali iliyochakaa. Tiba yake ni waridi. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, huuza praima ya waridi katika kopo la kupuliza, na wengi huiona bidhaa ya mzaha mpaka wanapoijaribu: nyekundu juu yake hujaa upesi, hubaki na joto, na kingo hazisaliti siri. Kwa nyekundu nzito ya zabibu, ile praima ya kutu hufaa zaidi.

Nyeusi ina mahali pake chini ya rangi za madini. Chembe bapa za alumini zikilala juu ya weusi uliong'arishwa kama kioo, mianya iliyo baina yake huwa kiza, na fedha ile hupata kina cha chuma; juu ya nyeupe ingekuwa kijivu tu chenye kumetameta. Weusi hupakwa pia ndani ya bodi nyembamba, ili mwanga wa taa usipenye plastiki na kuumbua mchezo wote.

Kuna hila moja zaidi ya kuihadhari. Vigari vingine hutolewa kwa plastiki iliyokwisha kuwa nyekundu, na rangi yake huyeyushwa na tina kali, yaani kiyeyusho kilichomo ndani ya rangi inayopakwa, ikapanda polepole katika matabaka, hata mtu aliyelala ameacha gari jeupe akaamka na la waridi. Wengi huizuia kwa mkono wa rangi ya fedha, kwani vipande vya alumini hupandiana kama makuti ya paa.

Yote haya hayamzuii mtu kufanya jaribio lake, tena kwa gharama ndogo. Chukua vijiko vya plastiki vitano, ambavyo migongo yake imepinda kama boneti, kila kimoja ukipake msingi wake, kisha vyote uvipulize rangi moja kwa kipimo kimoja, uvitazame dirishani mchana na chini ya taa usiku, kwani kijiko kilichoshinda mchana huenda kikashindwa usiku. Kisha usifanye pupa. Praima iliyokauka kwa kidole huenda haijakauka kwa ndani, na mizani bora niijuayo ni pua: kinusie kigari kwa karibu, na ikiwa harufu ya tina bado imo, kifunike kwa bakuli kisipate vumbi mpaka kesho.