Iliyonyooka na iliyopinda

Liponde jiwe la chokaa la Lubudi, kisha likamulie ndimu. Litatoa povu. Hewa iliyo ndani ya povu hilo ni dioksidi ya kaboni, gesi ileile inayotoka kwa wingi mawe hayo yanapochomwa tanurini ili kupata chokaa na saruji. Luilu, karibu na Kolwezi, makinikia ya shaba yenye salfa yalipochomwa yalitoa gesi nyingine: dioksidi ya salfa. Ya kwanza unaivuta kila siku bila kujua. Ya pili hukaba koo na kuwasha macho papo hapo.

Ukihesabu atomu, gesi hizi ni mapacha: atomu moja katikati, oksijeni mbili pembeni. Oksijeni ina uroho wa elektroni. Huzivutia kwake kutoka kwa kaboni, na vilevile kutoka kwa salfa. Kwa hiyo ungetegemea molekuli zote mbili ziwe na ncha, yaani upande mmoja uwe na chaji hasi kidogo na mwingine chanya kidogo. Sivyo. Wanafunzi wengi hukariri kwamba oksijeni huvuta elektroni, wakaishia hapo, nami naona tunawapunja, maana hiyo ni nusu ya habari.

Nusu ya pili ni umbo. Kaboni ina elektroni nne za nje, na zote zimeshikwa katika kuungana na oksijeni mbili. Hakuna kinachobaki cha kuzisukuma, basi oksijeni hukaa mbalimbali kadiri iwezekanavyo, kwenye mstari mmoja. Ni kama kuvuta kamba: wawili wenye nguvu sawa, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kila mmoja anavuta kweli, lakini fundo la katikati halisogei. Salfa ina elektroni sita za nje. Baada ya kuungana na oksijeni hubaki jozi ya elektroni isiyoungana na chochote, nayo inadai nafasi yake. Jozi hiyo huzisukuma oksijeni mpaka molekuli ipinde kwa pembe ya karibu nyuzi 119. Sasa wavutaji wote wawili wameelekea upande mmoja, na fundo linakwenda.

Peter Debye, aliyepata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1936, alituachia kipimo cha mvuto unaobaki, na kipimo kinaitwa kwa jina lake. Dioksidi ya kaboni ina debye 0. Ya salfa ina 1.63. Maji, nayo yamepinda, yana 1.85. Ndiyo maana maji huikaribisha gesi ya salfa: katika nyuzi 20 za Selsiasi, lita moja ya maji humeza takriban lita 40 za gesi hiyo, ilhali ya kaboni haifiki hata lita moja. Unyevu wa macho na koo ni maji pia; gesi ya salfa huyeyuka humo na kuwa asidi.

Umbo la molekuli lina kazi pia katika mavuno ya shaba. Katika viwanda vya Kolwezi, madini huyeyushwa kwa asidi, na shaba huingia ndani ya maji ya buluu ikiwa na chaji chanya. Kisha maji hayo huchanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, yaliyotiwa kemikali za jamii ya oksimu. Molekuli mbili za oksimu huikumbatia atomu moja ya shaba kutoka pande zinazokabiliana, zote katika bapa moja. Chaji ya shaba inafutika, mivuto ya kushoto na kulia inamalizana, na sehemu zinazopenda maji zinafichwa ndani; nje imebaki mikia mirefu ya kaboni na haidrojeni, ambayo maji hayana haja nayo. Mchanganyiko ukiachwa utulie, maji ya chini yamefifia rangi, na shaba iko juu, ndani ya mafuta.